Jinsi ya kupona kutoka kwenye dhambi, hatua kwa hatua (kwa anayeanza)

Maswali ni yale yale kila mara. "Nimetubu ila bado naumia, hivi Mungu kanisamehe kweli?" "Nina miaka sijasali, naanzia wapi?" "Naungama dhambi moja kila siku na haitoki, nifanyeje?" Badala ya kumjibu kila mtu kipande kipande nimeona niandike yote hapa, usome taratibu na ufanye, maana haya mambo ukisoma tu bila kufanya unabaki pale pale ulipokuwa.

Kuna jambo moja lazima likae kichwani kabla ya yote. Kusamehewa na kupona ni vitu viwili. Ukichomwa na mwiba, mwiba unatolewa dakika moja, ila tundu lake linauma siku kadhaa na ukilikanyagia vumbi linatunga usaha. Wengi wanaokata tamaa wanakosea hapo, mwiba ushatoka zamani ila kwa sababu mguu bado unauma wanadhani upo, basi wanaanza kuchokonoa upya kila siku. Daudi aliambiwa na nabii Nathani siku ile ile alipokiri kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake (2 Samweli 12:13), na bado nyumba yake iliuguza kwa miaka matokeo ya alichokifanya (alizini na mke wa Uria, kisha akafanya Uria auawe vitani). Alikuwa amesamehewa kabisa, ila kupona kulikuwa na safari yake.

Unahitaji nini kabla ya kuanza

- Saa moja ambayo hakuna mtu atakuita. Simu zima kabisa, usiiweke sailenti, maana sailenti utaichungulia.
- Karatasi na peni. Karatasi ya kuchana baadaye, siyo noti za kwenye simu ambazo mtu anaweza kuzifungua.
- Biblia. Weka alama Zaburi 32, Zaburi 51, Luka 15 na 1 Yohana 1.
- Jina la mtu mmoja unayeweza kumwambia. Hujampata? Anza tu, utamhitaji hatua ya 5.

Usichohitaji: hela. Huhitaji mafuta ya kununua, maji ya kununua wala "sadaka ya kufunguliwa". Mtu yeyote akikutajia bei ya msamaha, ondoka hapo. Huhitaji pia kujirekebisha kwanza ndo uje. Yesu alisema mwenyewe "Wenye afya hawahitaji tabibu, bali walio hawawezi" (Marko 2:17), na hakuna mtu anayesubiri apone ndo aende kwa daktari.

Hatua ya 1: Tenganisha dhambi, jeraha na ugonjwa

Gawa karatasi sehemu tatu. Ya kwanza andika *nilichofanya*, ya pili *nilichofanyiwa*, ya tatu *ninachougua*. Usiruke hapa hata kama unaona unajijua.

Nasisitiza kwa sababu nimekaa na watu wanaotubu mambo ambayo siyo dhambi zao. Mtu alinajisiwa akiwa mdogo na mpaka leo anaomba msamaha. Hilo haliwekwi sehemu ya kwanza, linaenda ya pili, na dawa yake siyo toba, dawa yake ni kufarijiwa, kulindwa na kusaidiwa, na aliyepaswa kutubu ni mwingine. Vile vile usingizi uliopotea miezi, huzuni isiyo na sababu, hofu inayobana kifua, hayo yapeleke sehemu ya tatu kisha nenda hospitali. Wanafunzi walimuuliza Yesu kuhusu yule aliyezaliwa kipofu, nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? Jibu lilikuwa hakuna, si yeye wala wazazi wake (Yohana 9:3). Kwa hiyo usiache dawa ulizoandikiwa eti kwa sababu umetubu.

Na kama kwenye sehemu yoyote kati ya hizo kuna wazo la kujidhuru, achana na mwongozo huu kwa sasa, mpigie mtu leo au nenda hospitali leo, haya mengine yatakusubiri.

Hatua ya 2: Iite dhambi kwa jina lake

Soma Zaburi 139 mistari ya 23 na 24, "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu". Ukimaliza nyamaza. Usianze kuorodhesha haraka haraka, subiri kidogo, yanakuja yenyewe, na mara nyingi linalokuja la kwanza ndo lile unalolikwepa.

Kisha andika sehemu ya kwanza. Kila kitu kwa jina lake, sentensi fupi, nani, nini, mara ngapi. Ile sala ya "nisamehe kila nililokosa kwa mawazo, maneno na matendo" ni nzuri ukiwa ibadani na wenzako, ila ukiwa peke yako na kidonda ni kama kwenda kwa daktari ukamwambia naumwa kila mahali. Ataanzia wapi?

Nieleze la kwangu. Nilikuwa natunza hela za kikundi, nikazitumia. Miezi mingi nilisali sala nzuri tu, Bwana unisafishe, Bwana unirehemu, na nikitoka hapo kifua kiko vile vile. Siku nimekaa na karatasi niliandika "nilikopa hela za kikundi". Nikaiangalia ile sentensi. Nilikopa kwa nani? Nani alinikopesha? Hakuna mtu aliyejua. Nikakata neno *nilikopa*, juu yake nikaandika *niliiba*, peni ikatoboa karatasi kwa jinsi mkono ulivyokuwa unakandamiza. Nililia pale ambapo miezi yote nilikuwa sijalia, kwa ajili ya neno moja.

Angalia maneno haya kwenye karatasi yako, ndo yanayoficha: *nilikopa* (niliiba), *nilimtania* (nilimdhalilisha), *tulizoeana* (tulizini), *nilisahau kumwambia* (nilimdanganya), *nilikuwa na hasira kidogo* (nilimpiga). Na neno *ila*. Ukiona umeandika "nilimtukana ila na yeye alianza", kata kuanzia ila kwenda mbele. Ya kwake yana sehemu yake, sehemu ya pili.

Makosa ya kawaida hapa: kuna mtu anaandika kurasa ishirini za vitu vidogo vidogo ili lile moja kubwa lipotee katikati. Na kuna mwingine anatafuta dhambi kwa nguvu mpaka anaanza kubuni. Kama kimekuja kitu kimoja tu, andika hicho kimoja, inatosha.

Hatua ya 3: Iungame mbele za Mungu, kwa sauti

Zaburi 32 inasema "Niliponyamaza mifupa yangu ilichakaa", kwa hiyo usinyamaze. Soma ulichoandika kwa sauti, hata ya chini. Ukikisema kwa mdomo masikio yako yanakisikia, na kukigeuza geuza kunakuwa kugumu.

Maneno hayana fomula. Ukikosa kabisa, tumia muundo huu: *Mungu wangu, nilifanya hiki* (taja). *Nimekukosea wewe na nimemkosea fulani* (taja). *Sitaki kuendelea nacho. Naomba unisamehe kwa ajili ya Yesu Kristo.* Basi. Baada ya hapo soma Zaburi 51 yote taratibu kama sala yako.

Mwana mpotevu wa Luka 15 alikuwa ameandaa hotuba njiani, mwishoni aombe awe kama mmoja wa watumishi. Ukisoma vizuri utaona hakuimaliza, kile kipande cha kuomba utumishi hakikutoka mdomoni, maana baba alishaanza kuita vazi, pete na viatu. Kwa hiyo usiogope kama sala yako imekatika katikati.

Hatua ya 4: Pokea msamaha, halafu ukae nao

Hapa wengi wanaruka. Wanaungama, wanasema amina, wanawasha simu.

Soma kwa sauti 1 Yohana 1:9, "Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu, na kutusafisha na udhalimu wote." Mstari unategemea uaminifu wake yeye, haujataja popote jinsi utakavyojisikia. Ukijisikia mwepesi, mshukuru Mungu. Usipojisikia kitu, mstari haujabadilika.

Walinganishe Petro na Yuda. Petro alimkana Bwana mara tatu, Yuda alimuuza, na wote wawili walijuta. Yuda alirudisha hata vile vipande thelathini vya fedha, alikiri wazi kwamba amekosa, ila akaishia kwenda peke yake. Petro alibaki na wenzake, na ndo maana Yesu alipokuja pwani asubuhi alimkuta, akamuuliza mara tatu wanipenda? (Yohana 21). Nikisoma hapo huwa naona mara tatu za kuuliza zimefuata mara tatu za kukana, moja moja, kama mtu anayesafisha kidonda sehemu zake zote.

Ukimaliza, chana karatasi sehemu ya kwanza. Majina ya wale uliowakosea yaandike pembeni, utayahitaji hatua ya 6.

Hatua ya 5: Mwambie mtu mmoja

Najua hii ndo wengi hawaitaki. Mtu anasema "mimi na Mungu wangu inatosha". Kwa msamaha, sibishani, Mungu anakusikia ukiwa peke yako. Ila Yakobo 5:16 anasema "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa", tazama neno alilotumia, *kuponywa*. Dhambi inanawiri kwenye siri. Siku mtu mwingine anaijua na bado anakuita kwa jina lako kawaida, kuna kitu ndani kinalegea ambacho sala ya peke yako huenda hukuwahi kukilegeza.

Nani sasa? Kama wewe ni Mkatoliki njia yako ipo, sakramenti ya kitubio. Padre amefungwa na siri ya kitubio, haruhusiwi kutoa ulichosema kwa sababu yoyote ile, na Kanisa limeagiza tangu Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa nne wa Laterano mwaka 1215 kwamba muumini aungame angalau mara moja kwa mwaka. Umekaa miaka mingi na umesahau utaratibu? Mwambie padre hivyo hivyo, "nimesahau", atakuongoza. Waorthodoksi nao wanaungama mbele ya kasisi, na mapokeo yao yanaliita Kanisa hospitali ya roho. Kwa Waprotestanti anaweza kuwa mchungaji, mzee wa kanisa au muumini aliyekomaa, wa jinsia yako kama jambo ni la mwili, na hapo uliza kwanza: "Naomba tuelewane, hili litabaki kati yetu?"

Usimwambie: mtu anayepeleka maneno ya wengine kwako (ya kwako atayapeleka kwa wengine), mtu mnayetamaniana, mtoto wako, au kundi la watu mtandaoni. Na ushuhuda wa mbele ya kanisa usikimbilie kabisa, kidonda kibichi hakioneshwi watu.

Kwangu mimi nilimwendea mzee mmoja. Nilijieleza kama dakika kumi na tano, nikasema jinsi nilivyoumia, shetani alivyonijaribu, jinsi nilivyokuwa na shida kipindi kile. Alisikiliza yote. Kisha akauliza, "Kiasi gani?" Nikagundua dakika zote hizo sikuwa nimetaja kiasi. Nikataja. Akauliza, "Utaanza kurudisha lini?" Hakunikaripia wala hakunipa hotuba, yale maswali mawili yakatosha, kisha akaniwekea mkono begani akaniombea. Nilitoka pale miguu haina nguvu ila usiku ule nililala mpaka asubuhi.

Hatua ya 6: Rudisha, rekebisha, omba radhi

Zakayo, yule mtoza ushuru, alisimama akasema nusu ya mali anawapa maskini, na aliyemnyang'anya anamrudishia mara nne (Luka 19:8). Torati nayo iliagiza mwizi aliyekiri arudishe kitu kamili na kuongeza sehemu ya tano (Walawi 6). Hii hailipii dhambi, dhambi ililipiwa msalabani. Ni ile tu kwamba huwezi kuendelea kuvaa viatu ulivyoiba huku unamshukuru Mungu kwa kukusamehe.

Kuomba radhi kuwe kufupi: nilifanya hiki, nilikosea, naomba unisamehe, nitarekebisha hivi. Usiseme "kama nimekukwaza". Usimdai akusamehe papo hapo, ana haki ya kuchukua muda wake, na ana haki ya kukataa. Mimi nilirudisha kidogo kidogo kwa miezi na kuna mmoja wa kikundi hajawahi kuniongelesha mpaka leo, namwombea, simlazimishi.

Tahadhari tatu, zisome vizuri. Moja, kama ni uzinzi ndani ya ndoa, usikurupuke kumwagia mwenzio kila kitu usiku wa manane ili wewe upumue, kaa kwanza na yule mtu wa hatua ya 5 mpange namna. Lakini kama afya ya mwenzio iko hatarini hilo halisubiri, lazima ajue mapema na nyote mpimwe. Mbili, kama jambo ni kosa la jinai, na hasa kama kuna mtoto aliyeumizwa au anayeendelea kuumizwa, kuungama hakuchukui nafasi ya sheria, mtoto alindwe kwanza, jambo lifike kwa wanaohusika. Tatu, kama uliyemkosea anakuogopa, usiende mlangoni kwake, tuma mtu au mwachie nafasi yake.

Hatua ya 7: Usiache nyumba tupu

Yesu alisimulia habari ya pepo mchafu aliyetoka kwa mtu, akarudi akakuta nyumba tupu, imefagiwa na kupambwa, akaenda kuchukua wengine saba wabaya kuliko yeye (Mathayo 12:43-45). Shida haikuwa uchafu, ilifagiwa vizuri tu. Shida ilikuwa tupu.

Kwa hiyo andika mambo mawili. Mlango: dhambi inaingilia wapi, saa ngapi, na nani, ukiwa katika hali gani? Kama ni simu usiku, simu ilale chumba kingine. Kama ni hela za watu, usishike tena hela za watu, sema tu "naomba apewe mwingine". Na badala yake: saa ile ile iliyokuwa ya dhambi iwe na kitu, sala fupi, kumpigia mtu, kwenda kumtembelea mgonjwa, chochote kilicho halisi.

Yakigoma

*Naiungama dhambi ile ile ya zamani kila siku.* Ushaiungama, ushasamehewa, acha. Ikirudi kichwani usiseme "nisamehe", sema "asante kwa kuwa ulinisamehe". Badilisha hilo neno tu, kila ikirudi. Warumi 8:1 uweke mahali unapopaona. Ila ikiwa mawazo yanakushika masaa na masaa na huwezi kuyazuia hata ukijitahidi, hilo kalieleze kwa daktari pia.

*Naogopa nimetenda dhambi isiyosameheka.* Soma Marko 3 kuanzia mstari wa 22. Waandishi waliona kazi ya Mungu kwa macho yao wakaiita kazi ya pepo, wakakaza mioyo. Wewe unayeogopa na kutamani kurudi hujafanana nao.

*Niliyemkosea amekufa, au sijui yuko wapi.* Muungamie Mungu, mwambie mtu wako, na kama ilikuwa mali, warudishie warithi wake. Wasipopatikana, wape wahitaji na usitangaze.

*Siwezi kumsamehe aliyenikosea mimi.* Rudi sehemu ya pili ya karatasi, hiyo ulikuwa hujaichana. Mathayo 6:14-15 (usiposamehe wengine, Baba naye hatakusamehe) ni mzito na siupunguzi, lakini kusamehe ni kuacha kisasi mikononi mwa Mungu, hakukulazimishi kurudi kuishi na anayekupiga wala kusema haikuuma. Anza kwa kumwombea sentensi moja kwa siku, hata kama unaisema kwa meno yaliyokazwa.

*Ukweli ni kwamba sitaki kuiacha.* Basi ungama hilo hilo. "Bwana, naipenda dhambi hii, nisaidie nitake kuiacha." Ni sala ya kweli na nimeona watu wakianzia hapo.

*Nimeanguka tena.* Usisubiri Jumapili na usisubiri ujisikie unastahili. Mtumie yule mtu wako meseji leo kabla hujalala, neno moja tu, "nimeanguka", kisha anza tena kuanzia hatua ya 3. Mithali 24:16 inasema mwenye haki huanguka mara saba akainuka tena. Kama umeangukia mlango ule ule, rudi pia hatua ya 7 uangalie uliuacha wapi wazi.